Mkono tuliofunga kwa kitenge

Juma lililopita tuliongea juu ya minerval, na niliahidi kuendelea nayo leo. Lakini siku ya posho, tulipomaliza kuhesabu makuta ya MUSO, mama mmoja wa kundi letu alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini: «Mwalimu, dada ya bwana yangu ametoka hospitali. Wamemkata titi kwa sababu ya kansere. Sasa yuko nyumbani, kidonda kinakauka vizuri, lakini mkono haunyanyuki. Tumfanyie nini?» Nilimjibu maneno machache pale pale, kisha usiku usingizi ukakataa. Swali lile nalifahamu. Kwetu nyumbani tulilijibu vibaya. Minerval itangoja.

Mimi si muganga. Nina diploma ya ISP na chaki, basi. Haya ninayoandika niliyaona kwa kumsindikiza mama yangu mdogo kwa watu wa kinezi, na mengine niliyasoma baadaye kwa kutaka kuelewa tulikosea wapi. Mama mdogo amekubali niyaandike. Amekataa tu nitaje jina lake, kwa sababu anasema watu wa kanisani wataanza kumtazama kifua.

Tulimtoa hospitali mwanzo wa kiangazi, mwaka juzi. Operesheni ilikwenda vizuri. Titi la kuume liliondolewa pamoja na tezi za kwapani. Tulipewa karatasi ya dawa, tarehe ya kurudi kutoa nyuzi, na bili. Juu ya mkono hakuna aliyetuambia neno, na sisi hatukuuliza. Akili yetu yote ilikuwa kwenye bili.

Nyumbani tukafanya kile ambacho jamaa lenye upendo hufanya. Dada yangu alikunja kitenge, akakipitisha shingoni mwa mama mdogo, akaufunga mkono kifuani kama mkono uliovunjika. Tulimkataza kufagia, kuosha sahani, kusonga bugali. Binti zake walimvalisha na kumwogesha. Akitaka kikombe kilicho juu ya kabati, mtu aliruka kumchukulia. Jirani walikuja kumsalimia wakatusifu: «Ninyi kweli mnamtunza.» Naye mama mdogo mwenyewe alikuwa anatusifu. Kisha akaanza dawa za kansere, zile zinazopitia kwenye mshipa, akachoka sana, na sisi tukazidi kumlaza.

Miezi ikapita. Dawa zilipokwisha, muganga akaandika kwamba sasa anahitaji mionzi, tukavuka mpaka kwenda Kigali. Nani kati yetu alijua namna mionzi inavyopigwa? Mgonjwa wa titi hulala chali, mkono wa upande ule umenyanyuliwa juu ya kichwa ili usizibe njia ya mionzi, na anabaki hivyo bila kutikisika mpaka mashine imalize. Mama mdogo hakuweza kuufikisha mkono hata usawa wa bega. Alijaribu mara mbili. Mara ya tatu machozi yakatoka, akasema basi. Wakatuambia kwa upole kwamba turudi nyumbani, afanye kinezi kwanza, kisha tuje tena.

Fikirieni safari ile ya kurudi. Nauli, mahali pa kulala, chakula cha watu wawili, mbuzi waliouzwa kwa ajili yake. Ndani ya basi mama mdogo hakusema kitu mpaka mpakani, halafu akauliza: «Sasa kansere itanisubiri?» Sikuwa na jibu. Kilichotuzuia siku ile kilikuwa kitenge chetu wenyewe.

Tulipofika Bukavu tulimtafuta mtu wa kinezi. Tulidhani kinezi ni kwa wale waliopata ajali ya moto, au watoto ambao miguu haitembei, au wazee waliopooza. Kijana aliyetupokea alimwambia: «Karibu Mama, keti.» Akamwomba anyanyue mkono, akaweka begani kifaa kinachofanana na kile cha kupimia pembe kwenye somo la hesabu. Akaandika namba. Kisha akasema: «Mama, mkono huu haujaharibika. Umekazana kwa kukaa.» Mama mdogo akajibu: «Mtoto wangu, unauma.» Kijana akasema: «Ninajua, Mama. Tutaenda nao polepole.»

Alitueleza hivi. Kovu linapokauka hujivuta, kama ngozi ya ngoma inayowekwa juani. Likikauka wakati mkono umefungwa, linaushika mkono hapo hapo. Bega nalo ni kiungo kinachotaka kutembezwa. Likikaa miezi bila kazi, linakuwa kama bawaba yenye kutu. Tena mgonjwa anaogopa, anajikunja kifua kukilinda, na mgongo wake unafuata. Kwa hiyo baada ya operesheni ya titi mazoezi yalipaswa kuanza mapema, katika siku za kwanza, kwa vitu vyepesi sana ambavyo hata mtu aliyelala anaweza kufanya.

Nitavitaja, maana ndivyo yule mama aliviuliza. Siku za kwanza, mkono unawekwa juu ya mto, na mgonjwa anafumba ngumi na kuifumbua, anakunja kiwiko na kukinyosha, anazungusha mabega polepole, anavuta pumzi ndefu. Mara tatu kwa siku inatosha. Akijichana nywele mwenyewe, akinawa uso mwenyewe, hayo pia ni mazoezi, mumwache! Wakati mpira wa kutoa maji ungali kwenye kidonda, mkono usipande juu ya bega. Ukishatolewa, na muganga akikubali, ndipo unaanza kupanda. Mgonjwa anaweza kulala chali, akashika fimbo ya ufagio kwa mikono miwili, na mkono mzima ukausaidia mgonjwa kwenda nyuma ya kichwa. Au anasimama mbele ya ukuta na kupandisha vidole kama mjusi.

Akisikia mvuto, aendelee taratibu. Akisikia maumivu makali ya kuchoma, asimame na kushusha. Kidonda kikifunguka, kikitoa usaha au joto likipanda, aache mazoezi aende kwa waganga.

Zoezi la ukuta ndilo lililoniingiza mimi katika habari hii. Pale ISP walitufundisha kwamba mtoto anajifunza kwa kutoka jambo jepesi kwenda jambo gumu, na kwamba anapoona amepiga hatua, anataka kupiga nyingine. Basi nikaleta chaki nyumbani kwa mama mdogo. Kila jioni alisimama mbele ya ukuta wa sebule, vidole vikapanda, na pale vilipokoma mjukuu wake alichora mstari na kuandika tarehe. Siku ya kwanza mstari ulikuwa usawa wa kidevu. Tulikaa siku nne hapo hapo kwenye kidevu. Halafu ukafika mdomoni, puani, machoni. Usiku mmoja alilala vibaya juu ya mkono, na jioni mstari ukashuka kwa upana wa kiganja. Alikasirika akafuta chaki yote kwa kanga. Mjukuu akaichora upya kwa kukumbuka, na kwa kweli nadhani alimwongezea kidogo.

Baada ya majuma sita tuliondoka tena kwenda Kigali, vidole vikiwa vimepita taji ya kichwa chake. Safari hii alilala mezani, akanyanyua mkono, akaushika pale walipotaka. Alipata mionzi yake yote.

Kuna kitu kingine kilichotutisha katikati, na ninakiandika kwa sababu najua kitawatisha na wengine. Chini ya ngozi, toka kwapani kuelekea kiwikoni, zilijitokeza kamba nyembamba zilizokazana kama nyuzi za gitaa. Jirani mmoja hapo hapo akasema ni karuho, kuna mtu amemtupia. Akatuonyesha mahali pa kwenda. Kijana wa kinezi alicheka kidogo, akasema anaziona kwa wamama wengi waliotolewa tezi za kwapani. Zinavuta na kuuma, lakini kwa kunyoosha mkono kila siku huwa zinalegea zenyewe katika majuma au miezi. Ndivyo ilivyokuwa. Makuta ya mtu wa karuho tulinunulia maharagwe.

Sasa kuvimba. Hili ni jambo refu kidogo, vumilieni.

Chini ya kwapa kuna tezi ndogo ndogo, nyingine kama punje ya harage. Zinapokea maji ya mwili yanayotoka mkononi, maji yanayoitwa limfu, na kuyachuja kabla hayajarudi kwenye damu. Waganga wakiziondoa ili kansere isipitie hapo, njia za yale maji zinapungua. Kwa wamama wengi njia zilizobaki zinatosha. Kwa wengine, karibu mmoja katika watano kati ya wale waliotolewa tezi nyingi, maji yanabaki mkononi na mkono unavimba. Inaweza kuja baada ya miezi, inaweza kuja baada ya miaka, wakati mtu amekwisha kusahau. Dalili za kwanza ni ndogo: pete inabana, saa inaacha alama, mkono wa blauzi unakataa kupita, mkono unakuwa mzito jioni. Mama asingoje mpaka uwe kama mguu. Ukishikwa mapema unatunzwa vizuri, kwa bandeji au soksi ya mkono inayobana kwa kipimo, kwa mazoezi, na kwa kukandwa taratibu sana na mtu aliyejifunza kazi hiyo.

Nasema aliyejifunza. Kwetu mkono ukivimba tunajua dawa tatu: kuukanda kwa nguvu na mafuta ya mawese, kuufunga kitambaa cha maji ya moto, na kuuchanja. Mkono huu hautaki hata moja. Kuchanja ndiko kubaya zaidi, kwa sababu mkono uliopoteza tezi zake hauna askari wa kutosha, na mdudu akiingia kwa kijeraha kidogo anapata uwanja. Hata jeraha la kisu cha kukatia sombe lioshwe mara moja kwa maji safi na sabuni na kufunikwa. Jiko la makala lishikwe kwa kitambaa kinene. Shambani avae glavu. Na mkono ukiwa mwekundu, ukiwa wa moto, mwili ukatetemeka kwa homa, aende hospitali siku ile ile, hata kama ni usiku, kwa sababu hiyo inahitaji dawa za kuua vijidudu.

Hapa ndipo lilipo swali ambalo wamama wote huniuliza: je, ataweza tena kubeba? Maana maisha yetu ni bidoni ya maji, kapu la soko, mtoto mgongoni, gunia la makala. Mama ambaye hawezi kubeba anahesabiwa kama aliyekwisha. Kwa miaka mingi waganga wenyewe walikuwa wakiwaambia wagonjwa wa titi wasibebe kitu kizito kwa mkono ule mpaka kufa. Mama mdogo naye aliambiwa hivyo na muuguzi mmoja, na siku ile alilia kuliko siku ya operesheni.

Lakini watu wakaanza kupima lile neno badala ya kulirudia tu. Mwaka 1996, huko Vancouver katika Kanada, muganga wa michezo aitwaye Don McKenzie alichukua wanawake 24 waliopata kansere ya titi, akawaweka ndani ya mashua ndefu na kuwafundisha kupiga kasia. Wengi waliamini mikono ingevimba. Hakuna hata mmoja aliyepata uvimbe. Ninyi mnaoona wavuvi wetu kwenye ziwa Kivu mnajua kupiga kasia si mchezo wa mabega malegevu. Kisha mwaka 2009 ikatoka kazi nyingine kutoka Marekani, iliyoongozwa na mwanamke aitwaye Kathryn Schmitz. Walichukua wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa imekwisha kuvimba. Kundi moja likainua vyuma mara mbili kwa juma muda wa mwaka mzima, wakianza na uzito mdogo mno na kuongeza kidogo kidogo, wakivaa ile soksi inayobana. Kundi la pili liliendelea na maisha yake. Mwisho wa mwaka mikono ya walioinua vyuma haikuwa imevimba kuliko ya wengine. Tena waliozidiwa na uvimbe kati yao walikuwa 14 kwa mia, na katika kundi la pili 29 kwa mia.

Msiende leo kumpa shemeji yenu bidoni ya litre 20! Wale wanawake walianza na uzito ambao mtoto angebeba, na kulikuwa na mtu aliyewafuata. Mama mdogo alianza na chupa ya maji ya nusu litre, kwa ruhusa ya kijana wa kinezi. Kila alipoongeza, kesho yake tuliutazama mkono: umevimba? una uzito? Ukiwa sawa, anabaki na uzito ule juma zima kabla ya kuongeza. Ukivimba, anarudi nyuma. Leo anabeba kibidoni cha litre tano toka kwenye bomba, anatwanga sombe kwa zamu na binti yake, na mkoba wake anautia bega la kushoto. Litre 20 hajazifikia, na sijui kama anazitaka tena. Ameonja utamu wa kubebewa na wajukuu.

Uchovu nao si uvivu. Nawaambia waume watakaosomewa barua hii. Uchovu wa kansere na wa dawa zake hauishi kwa kulala, unaweza kudumu miezi baada ya dawa kwisha, na mtu anaamka asubuhi kama aliyelima usiku. Inashangaza, lakini kinachousaidia ni kutembea. Mwaka 2018 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana juu ya mazoezi na kansere, na ushauri waliouandika ni rahisi: dakika 30, mara tatu kwa juma, kwa mwendo unaokuwezesha kuongea lakini si kuimba. Kwa asiyeweza 30, dakika tano mpaka kwenye mlango wa jirani ni mwanzo. Sisi wa Bukavu Mungu alitupa vilima vya bure. Kupanda Kadutu tu kununua chumvi ni kinezi. Aanze na mahali tambarare, lakini. Na kama dawa zimemwachia ganzi miguuni, avae viatu vilivyofungwa na asikaribishe miguu kwenye jiko, kwa sababu ataungua bila kusikia.

Niseme neno moja kwa wale waliotibiwa kansere ya mlango wa kizazi. Kwao ni mguu unaoweza kuvimba, na mkojo unaweza kutoka bila kuomba ruhusa. Wengi wananyamaza kwa haya, wanaacha hata kwenda kanisani. Mtu wa kinezi anayo mazoezi ya misuli ya chini kwa shida hiyo. Juu ya hili nitaandika siku nyingine, pengine pamoja na muuguzi.

Mnaniuliza makuta. Kinezi inalipiwa, ninajua. Lakini si lazima kwenda kila siku. Kazi kubwa inafanyika nyumbani, na anakwenda pale kwa kupimwa na kuonyeshwa zoezi jipya. Nauli ya hizo safari chache ndiyo inayowashinda wengi. MUSO yetu ina sanduku jekundu la kusaidiana, na mpaka leo tumelifungua kwa matanga na kwa kuzaa. Nimemwomba mama mwenye kutunza sanduku aweke jambo hili kwenye mkutano: mama anayefanya kinezi baada ya kansere apate nauli kama anayejifungua. Kila mmoja aje na wazo lake, hata wasiokubaliana nami.

Tena kwa jamaa zenye mgonjwa anayekwenda kupasuliwa: kabla ya kutoka hospitali, ulizeni maswali matatu. Mkono uanze kutikiswa siku gani? Usivuke wapi, na mpaka lini? Nani atatuonyesha? Sisi hatukuuliza hata moja.

Shemeji wa yule mama amekubali kuja siku ya posho, saa tisa, baada ya mkutano. Mama mdogo naye atakuja, na amesema ataonyesha yeye mwenyewe mazoezi ya fimbo na ya ukuta, ila wanaume wasiwepo. Ataleta pia lile titi la kitambaa alilojishonea, lenye pamba na mfuko mdogo wa mtama ndani ili liwe na uzito ndani ya sutieni. Mtama unatolewa siku ya kufua. Wenye mashine ya kushona waje nayo moja, na vipande vya pamba laini msivitupe tangu leo. Ukuta wa ofisi ya chama tumeruhusiwa kuandika. Chaki nitaleta mimi.